Mikono ya Mama Mkwe

Kazini kwetu, idara ya maji, tulimwita Haigandi. Alikuwa fundi wa kompyuta wa ofisi nzima, mtu wa miaka arobaini na ushee, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Jina alijipa mwenyewe bila kujua. Kompyuta yako ikikwama, alikuja akasimama nyuma ya kiti chako, akasema, "Ungekuwa na Linux usingeniita. Ile haigandi." Tulisikia hivyo mpaka tukakariri.

Hiyo Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, yeye alikuwa amemwekea mama mkwe wake miaka sita nyuma. Mama huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mjane, mwenye chumba kidogo cha kazi nyuma ya jiko: meza, kompyuta, feni, na rafu ya vitabu. Mchapishaji mmoja humpa kazi ya kutunga maswali ya vitabu vya shule, naye hutunga kila asubuhi kuanzia saa mbili hadi saa sita, kama aliyeingia darasani. Kompyuta haikuwahi kumsumbua.

Jumamosi moja Haigandi na mkewe walikwenda kumjulia hali. Kwenye kona ya skrini akaona ujumbe kwamba toleo jipya la mfumo limetoka. Vidole vikaanza kumwasha.

"Mama, nikuwekee toleo jipya?"

"Kwani hili lina nini?"

"Halina kitu. Limezeeka tu."

"Hata mimi nimezeeka, na kazi nafanya," mama mkwe akacheka. "Lakini fundi ni wewe."

Ilimchukua saa mbili. Skrini ikawaka na rangi mpya, kila mtu akaja kutazama, Haigandi akanywa chai kwa raha zake.

Jumatatu, mama akiwa katikati ya swali la sehemu, mshale ukasimama. Akasukuma kipanya, wapi. Akabonyeza kibodi, kimya. Saa ya kwenye skrini nayo ilikuwa imegota palepale. Mwisho akazima kwa kushikilia kitufe, na kazi ya dakika arobaini ikaenda na maji. Jumanne ikaganda mara mbili.

Jumamosi iliyofuata fundi akarudi na kompyuta yake ya mkononi. Ile ya mama ilipoganda mbele yake, akaingia ndani yake kwa kupitia mtandao wa nyumbani, akaikuta nzima. Programu zote zilikuwa zinaendelea, ila skrini ndiyo iliyokuwa imekufa. Akafungua kumbukumbu za mfumo, zile ambamo mashine hujiandikia kila linaloipata. Akaona mstari mmoja umejirudia kama malalamiko ya mgonjwa: kadi ya picha haijibu. Kadi ilikuwa ya zamani, na kiini kipya cha mfumo, ile sehemu inayoendesha vyombo vyote, hakikuelewana nayo.

Alijua palepale. Alijua na dawa pia: kuiwasha kwa kiini cha zamani, ambacho bado kilikuwemo. Lakini hapo ingebidi aseme kwamba kitu kizima amekiharibu mwenyewe, na mlangoni alikuwa amesimama shemeji yake, ndugu wa mkewe, mtu asiyeisha utani.

"Vipi bwana fundi, si ulisema haigandi?"

Haigandi akageuza mpangilio mmoja, akaomba Mungu utoshe, akafunga. "Tayari. Kilikuwa kitu kidogo tu."

Haukutosha. Jumatano simu ikamkuta kwetu ofisini akifungua printa, mikono imejaa wino, kwa hiyo akaiweka kwenye spika. Meza yangu ni ya pili kutoka hapo, nilisikia kila neno.

"Mkwe wangu, samahani nakusumbua kazini. Imeganda tena."

Mtu mmoja wa nyuma akadakia, "Haigandi hiyo!" Chumba kizima kikaangua kicheko. Nami nilicheka.

Haigandi uso ukamuiva. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama, mfumo hauna tatizo, nimeukagua mwenyewe. Ila siku hizi mikono yako inatetemeka kidogo. Huenda unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, inachanganyikiwa."

"Kumbe," mama akasema. "Basi nitaangalia zaidi." Akakata.

Hakupiga tena. Haigandi akajitia kuamini kwamba mambo yametengemaa. Mkewe aliposema mama siku hizi haigusi sana kompyuta, alijibu, "Mwache apumzike." Wiki sita zikapita hivyo, mpaka mke akamwambia, "Mama anaomba umsindikize hospitali Ijumaa."

Kwenye benchi la kungojea akamuuliza anaumwa nini.

"Mikono," mama akasema, akainyoosha mbele yake na kuitazama. "Nimeifanyia mazoezi, nafinya mpira kila siku. Nachapa kwa kidole kimoja kimoja, na bado inaganda. Nikaona nisije nikawa na ugonjwa nisioujua. Ile kazi ya mchapishaji nimeirudisha. Nimemwambia ampe mwanafunzi wangu wa zamani, yule mikono yake mizima."

Haigandi alitaka kusema. Muuguzi akaita.

Daktari alimwambia mama aguse kidole gumba kwa kila kidole, afunge na kufungua kifungo, aandike jina lake. Akatikisa kichwa. "Mikono hii haina ugonjwa, mama. Huku kutetemeka kidogo ni umri tu. Nani kakwambia ina matatizo?"

Mkwe mtu alikuwa amekaa pembeni kashika mkoba wa mama. Mama hakugeuka kumtazama.

"Niliona mwenyewe tu," akasema.

Haigandi aliniambia kuwa hapo ndipo alipotamani kuwa mtu mwingine yeyote, hata yule mgonjwa aliyekuwa akikohoa koridoni.

Walipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Kibodi ilikuwa imefunikwa kitambaa kilichokunjwa vizuri. Pembeni palikuwa na daftari, na ndani, kwa mwandiko wa mwalimu: *Jumatatu, saa tatu na nusu. Nilikuwa sijagusa kitu. Imeganda.* Chini yake, kwa penseli: *Labda niligusa bila kujua.* Kurasa nne zilikuwa hivyo.

Akawasha mashine, akachagua kiini cha zamani, akakifunga kisibadilike tena. Haikuchukua dakika kumi. Akakaa mpaka alasiri akifungua kila kitu kwa mpigo, na mashine haikutetereka. Ndipo akaenda jikoni.

"Mama, haikuwa mikono yako. Ni lile toleo nililoweka mimi. Na nilijua tangu Jumamosi ile niliporudi."

Mama alikuwa anasuuza kikombe. Akaendelea kukisuuza hata kilipokwisha kuwa safi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Nami nafinya mpira." Akaweka kikombe chini. "Mwambie na shemeji yako. Na wale waliokuwa wanacheka kwenye simu, uwaambie pia. Kwa mdomo wako."

Jumatatu, kabla hata hatujafungua madirisha, alisimama karibu na printa akatusimulia yote. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimeinamia makaratasi, sina pa kuweka macho.

Alimpigia mchapishaji pia, lakini yule mwanafunzi alikuwa ameshafika nusu ya kitabu, na mama akakataa katakata anyang'anywe. Alikaa mwaka mzima bila kazi ndipo akapewa nyingine. Kompyuta haijamgandia tena, naye mama humpokea mkwe wake vizuri, humtilia chai, humuuliza habari za watoto.

Mwezi uliopita simu ya fundi wetu iliita tena tukiwa ofisini. Safari hii Haigandi hakuiweka kwenye spika, ila nilikuwa karibu, nikasikia mama anavyoanza: "Mkwe wangu, mtandao umekatika. Huenda ni mimi niliyekosea."

"Hapana, mama," akasema, akainuka upesi, akatoka nayo nje.