Boma Lisilo na Jumla

Wifi yangu Nzembi anaandika programu za kompyuta hapa Kitengela, na mimi Resian nasema wazi: ana akili, lakini hasikii. Tulimwambia ng'ombe wa baba hawahesabiwi. Baba anawajua mmoja mmoja kwa rangi. Ukiwahesabu unawaletea mkosi. Yeye akamtengenezea programu ya kukumbuka chanjo, akaiita Boma, akaipeleka Kajiado kwa baba Jumapili kujivunia.

"Ongeza Narok. Ongeza Sampu," akamsomea. Mistari hiyooo, kila ng'ombe na ongeza yake, na chini kabisa: Jumla 41. Ngai! Baba aliinuka akaenda zake, chai hajamaliza.

Sasa mjue Nzembi alikuwa anatafuta nini. Kwetu, bibi arusi akipewa ng'ombe na baba mkwe, wanaitana Pakiteng maisha yao yote. Yeye ameolewa na kaka yangu Lemein miaka minne, na baba bado anamwita "yule wa kompyuta". Ilimuuma sana.

Akajifungia wiki nzima. Alipotoka alisema eti Boma linahitaji mambo mawili tu: njia ya kuingiza ng'ombe mmoja, na njia ya kuwapitia mmoja baada ya mwingine. Likishakuwa na hayo, unaandika mabano mawili, la kufungua na la kufunga, unawataja ng'ombe wote katikati, basi. Kompyuta yenyewe inawaingiza.

"Na ile Jumla?" nikamuuliza.

"Nimeifuta. Kumbe haikuhitajika hata kidogo!"

Jumapili iliyofuata akamsomea baba, ameketi mbali kwa heshima. Akafungua mabano, akawataja ng'ombe, akafunga.

"Naibor yuko wapi?" baba akauliza.

Nzembi akatazama. Akatazama tena: ng'ombe huyo alikuwa amemsahau. "Lakini baba, kompyuta imekubali!"

"Kompyuta imewahi kuchunga?"

Tulicheka mpaka Lemein akamwaga chai. Nzembi peke yake hakucheka. Machozi yalikuwa karibu.

"Leo hukuwahesabu," baba akamwambia. "Hiyo nimeiona. Sasa muingize Naibor, na uandike ni wako, Pakiteng."

Nzembi alilia kama mtoto. Mimi pia nililia, ila nilikuwa na yangu: nimezaliwa kwenye boma hilo, na Naibor nimemmezea mate miaka sita.