Mwonja Uji

Asubuhi, hapa ninapoishi Tunduma, kabla malori hayajaanza kusogea kuelekea mpakani, kuna mama anayewapikia madereva uji pembeni ya barabara. Siku nyingine moto humzidi, uji hushika chini ya sufuria, na harufu ya unga ulioungua huingia dirishani kwangu ikiwa imechanganyika na moshi wa kuni mbichi. Mpangaji mwenzangu hukimbilia kufunga dirisha lake huku akilalamika. Mimi husimama tu na tambara la deki mkononi. Nikuambie ukweli, sisikii huzuni wakati ule, wala raha. Narudi kuwa mtoto wa miaka tisa, niko Ibaba, na ukungu umetanda.

Ibaba iko juu kabisa, kwenye milima ya Ileje, kule ambako mtu huvaa sweta mbili na bado akaota moto. Kwetu ni wakulima, na kila mkulima anaijua ile miezi ya baada ya Krismasi. Mahindi ya mwaka jana yameisha ghalani, ya mwaka huu yako shambani yanakufika kiunoni, mazuri kuyatazama na hayaliki. Ndipo kanisa letu lilipokuwa likifungua jiko. Lilikuwa banda la bati nyuma ya kanisa, lenye mafiga makubwa na sufuria ambayo sisi watoto tuliamini mtu mzima angeweza kuogea humo akajisugua hadi mgongo. Watoto na wazee walipewa uji pale mpaka mahindi mabichi yalipotoka, kisha jiko likafungwa hadi mwaka mwingine.

Mpishi mkuu alikuwa Mama Lugano, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa mlima wa pili. Yeye peke yake ndiye aliyepewa posho. Wengine wote walijitolea, wote wakiwa akina mama wa kanisa, na mama yangu alikuwa mmoja wao tangu nikiwa mgongoni. Mama Lugano alikuwa na neno lake kila mtu alipochelewa: "Njaa haikusubiri uchane nywele." Alikuwa akimwambia hata mchungaji, na mchungaji alikuwa na upara.

Sasa nikueleze desturi moja, kwa maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Kwetu mtu akikukaribisha pombe, hunywa kwanza yeye mbele yako, ndipo akupe. Ni kukuonyesha kwamba hamna kitu ndani. Pale jikoni desturi ikahamia kwenye uji. Wazee wetu, pamoja na ukristo wao wote na njaa yao yote, hawakugusa chungu cha watu wengi mpaka mmoja wa wapishi achote kikombe kizima, akinywe hadharani, kisha akigeuze chini juu watu waone kimekwisha. Na kabla ya kikombe hicho hakuna aliyetia ulimi kwenye uji. Ungeonja pembeni, ungeulizwa ulikuwa unatafuta nini peke yako. Wapishi walipima kwa macho, na kwa namna uji unavyodondoka kwenye mwiko.

Miaka yote mwonja uji alikuwa Mama Lugano. Mwaka ninaousimulia, nilikuwa mimi.

Baba alikufa mwanzoni mwa msimu ule. Alikuwa amekwenda Saza kwenye machimbo ya dhahabu, shimo likawaangukia. Walimleta kwa pikapu, mvua inanyesha, gari likakwama chini ya mlima, wanaume wakateremka kumbeba sehemu ya njia iliyobaki. Nakumbuka matope kwenye viatu vyao. Nakumbuka turubai la bluu lililomfunika na maji yaliyotuama katikati yake, na mtu mmoja akiyamwaga pembeni kwa uangalifu asimlowanishe mwenzake. Nilisimama pale nikitazama hayo yote na sikulia. Sikujizuia. Machozi hayakuwapo tu.

Mama alilia siku ya mazishi, halafu akanyamaza. Baada ya watu kuondoka alirudi jikoni kwa Mama Lugano, akawa anabeba maji na kukoroga uji toka asubuhi, na nyumbani hakunena nami ila maneno ya kazi. Vaa sweta. Funga mlango. Hakuwa mkali. Alinipita tu kwa macho, kama vile nami nilivyompita yeye. Tulilala kitanda kimoja, na sidhani kama tuliwahi kugusana miguu.

Na chakula kilibadilika. Kikawa cha moto au cha baridi, basi. Maharage, viazi, chai, vyote vilishuka kooni bila kuniambia kitu. Sikumwambia mtu kwa sababu nilidhani ndivyo chakula kinavyokuwa baba akifa. Nilidhani watu wazima wote wanalijua hilo na hawana haja ya kulitaja.

Lakini kule kwetu mtoto asiyemlilia baba yake hawamwachi hivi hivi. Palepale msibani Bibi Tumpe, jirani yetu, aliuliza kwa sauti: "Huyu mbona macho yake makavu?" Hakuwa mwanamke mbaya, bali alikuwa na tabia ya kusema kile ambacho wengine wanakiwaza. Neno likatembea. Ikasemwa kwamba baba hakufa kifo cha Mungu, na kwamba waliomchukua walinichukua nami, na huyu anayeonekana akitembea ni kivuli tu, msukule. Watoto ni wepisi kusikia. Jikoni nilipokaa kwenye mkeka, mkeka ulibaki wazi pande zote.

Mama Lugano aliliona hilo, nami sikujua kama ameliona. Siku moja uji ulipoiva alifuta mikono kwenye kitenge, akaniita mbele ya watu wote.

"Tumbo langu limechoka kuwa la kwanza kila siku," alisema. "Kuanzia leo mwonja wangu ni Sekela."

Watu wakatazamana. Bibi Tumpe akasema, "Mwanangu, huyo?"

"Huyohuyo. Au uje wewe, bibi? Kikombe hiki hapa."

Bibi Tumpe alikitazama kikombe, akakumbuka kwamba miguu inamuuma, akabaki alipokaa.

Nikanywa. Nikakigeuza kikombe, tone moja likaanguka. Watu walisubiri kidogo, labda kuona kama nitaanguka au kama wataanguka wao, kisha njaa ikawasaidia kuamua. Na kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Wakawa wanakunywa baada yangu na wanarudi nyumbani wazima. Polepole mkeka ukaanza kujaa tena. Msichana mmoja wa rika langu aliniomba akishike kikombe cha kuonjea, akakirudisha kwa mikono miwili. Ilipasa nifurahi. Niliona tu kwamba mkeka umepata joto.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kazi ile ilikuwa ya nini. Tumbo la Mama Lugano halikuchoka kitu. Aliweka jina langu juu ya moto pamoja na uji wa kijiji kizima, na kama mtu mmoja angeharisha usiku, lingeungua jina lake na langu.

Nusura liungue kweli.

Sukari na chumvi zilikuwa zikija kwenye viroba vyeupe vinavyofanana, na siku hiyo vilikuwa vimelowa mvua, maandishi yamekuwa rangi tu. Moshi wa mikaratusi mibichi ulijaa bandani. Mama alichukua kiroba, akamimina mabakuli kama kawaida, akakoroga. Hakukitazama. Siku zile hakuwa akitazama kitu chochote. Mama Lugano aliinua mwiko, akaona uji unadondoka vizuri, akaniita.

Nikanywa kikombe chote. Nikakigeuza.

Wa kwanza kupewa alikuwa Bibi Tumpe. Alitia mdomoni, akatema mbele yake, akaanza kukohoa. Wa pili naye akatema. Mabakuli yakawekwa chini, moja baada ya jingine, na uji ukaendelea kuchemka ndani ya banda. Mama Lugano alichovya kidole, akaramba, akakunja uso.

"Ni chumvi," alisema. "Jamani, ni chumvi tu. Tumechanganya viroba."

Hakuna aliyemtazama. Walikuwa wananitazama mimi.

"Sekela," Mama Lugano akauliza taratibu, "hukusikia chumvi?"

Nikafikiri. Nilitaka kujibu vizuri. "Nilisikia ni wa moto," nikasema.

Wanawake waliokuwa karibu nami wakavuta vitenge vyao. Mtu fulani nyuma akasema kwamba mke wa marehemu ndiye aliyemimina, na mtoto wa marehemu ndiye aliyeonja. Bibi Tumpe akafuta mdomo na kusema, wala si kwa chuki, alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Aliye hai anaijua chumvi. Huyu hayupo."

Ningepaswa kuogopa. Nilikuwa nimesikia habari za watoto waliopelekwa kwa waganga huko bondeni, wakachanjwa, wakarudishwa wakiwa na majina mengine. Nilijua kwamba watu hawa wakiondoka na neno hilo, sitakaa tena kwenye mkeka wa mtu yeyote. Nililijua hilo lote, na moyo wangu haukupiga haraka hata kidogo. Nilikishika kikombe na kusubiri kuona watakalonifanya.

Mama alitua ndoo. Alikuja, akakichukua kikombe mkononi mwangu bila kunitazama, akaingia bandani, akakichovya kwenye sufuria hadi kikajaa. Alirudi akasimama kando yangu. Akanywa. Alikunywa polepole, bila kupumzika, na uso wake haukukunjika popote. Nilikuwa namwona toka chini, koo likipanda na kushuka. Alipomaliza alikigeuza kikombe, nalo tone likaanguka.

"Nimekosea kiroba," alisema. "Ni mimi. Na mtoto wangu hasikii chumvi kwa kuwa hata mimi sisikii. Tangu tumzike baba yake, kwetu chakula hakina ladha. Tumefiwa. Mwenye neno jingine aliseme hapa, nikiwapo."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyomsikia akiyasema msimu ule. Kisha Bibi Tumpe akajisogeza kwenye mkeka, kwa shida, maana miguu yake ilikuwa inamuuma kweli.

"Nilipomzika mume wangu," alisema, "nilikula ugali wa moshi mwezi mzima. Wanangu wanauacha, mimi namaliza. Njooni mkae."

Tukakaa. Mama, ambaye miaka yote hakuwahi kukaa upande wa wanaokula, alikaa na magoti yake yakanigusa. Mama Lugano akaanza kupiga kelele za kutaka maji na sufuria zaidi. Unga haukuwa wa kutupa, kwa hiyo ule uji ukagawanywa, ukaongezwa maji na unga, na siku zilizofuata Ibaba nzima ilikunywa uji wa chumvi. Mzee mmoja akatangaza kuwa ni dawa ya mgongo. Wengine wakaanza kuomba wapelekewe nyumbani.

Jioni ile mama alitapika nyuma ya nyumba. Nilimsikia. Aliporudi alisema ni moshi, akanywa maji mengi, tukalala. Usiku aliuweka mkono wake juu yangu, na asubuhi bado ulikuwapo.

Usidhani kwamba hapo ndipo nilipolia. Sikulia. Ladha ilirudi bila hodi kama ilivyoondoka bila kuaga, na siku moja mahindi mabichi yalikuwa matamu, sijui siku gani. Lakini toka pale nilikuwa na kitu cha kushika. Nilijua kwamba kule nilikokuwa, kusikokuwa na chumvi wala machozi, mama naye alikuwako. Alisema mwenyewe, mbele ya watu. Nimekua na jambo hilo. Mambo mengine mazito yaliponipata ukubwani, nikahisi ile ganzi inapanda tena kutoka miguuni, nilijiambia kwamba mama alipita hapa, na hapa si mahali pa ajabu.

Mwaka jana alikuja kwangu Tunduma kutibiwa macho. Tulikuwa tumekaa mlangoni tunachambua maharage, yeye kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, nami nikaleta habari za msimu ule, kwa mara ya kwanza. Nikamwuliza ladha yake yeye ilirudi lini.

"Ladha gani?"

"Siku ile ya chumvi. Ulisema husikii."

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa uani.

"Nilisikia yote," alisema. "Ilikata koo, mwanangu. Nilidhani sitafika chini ya kikombe."

Nilikuwa na umri wa mwanamke mwenye watoto wake, na nilihisi kitu kikianza kwenye kidevu changu ambacho sikuweza kukizuia.

"Sasa kwa nini ulisema vile?"

Mama aliniinulia yale macho yake yaliyofifia, akanishangaa kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo halina haja ya kuulizwa.

"Ningekuacha huko peke yako?"