Nilivyopanda Myamba Kumfuata Mama wa Tangawizi

Nisingetoka Same kama si fremu za maduka za upande wetu wa stendi kufungwa moja baada ya nyingine. Mimi nauza ndoo na mabeseni, na milima ya Upare naiona kila asubuhi nikiwa kwenye kiti changu cha dukani. Nilidhani hiyo inatosha. Alianza fundi cherehani kuhamia Moshi, akafuata mwenye mgahawa, na tangu mgahawa ufungwe abiria wa mabasi hawana sababu ya kuvuka barabara kuja kwetu. Nilikuwa nahesabika kuwa anayefuata.

Ndipo Mzee Athumani, mwenyekiti wetu sisi wafanyabiashara wa safu ile, akasikia habari za Mama Naetwe wa Myamba, anayekausha na kusaga tangawizi pamoja na wanawake wenzake. Ukungu wa mlimani unamcheleweshea mzigo kukauka, kwa hiyo alikuwa anatafuta mahali penye jua, na mpwa wake alishampatia chumba Moshi. Mzee akasema jua la Same, ambalo hata kuku wanalikimbia, sasa limepata kazi. Aende mtu akamshawishi. Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa na nafasi, yaani sina wateja.

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. "Baba Neema, wewe ukienda sokoni tu unaaga."

Jumatatu asubuhi niliondoka na viatu vya harusi, shati jeupe na hotuba kichwani. Njia ya Kisiwani ni tambarare, upande mmoja pori la Mkomazi, upande wa pili milima inayokusogelea bila haraka. Nikawa napitia hotuba kimoyomoyo: Same kuna barabara kuu, Same kuna jua, Same kuna fremu yenye ua mpana. Abiria wa pembeni, akiona midomo yangu inacheza, akaniuliza kwa upole kama naenda msibani.

Kupita Maore gari lilianza kupanda. Nilifumba macho kwenye kona ya kwanza, nikayafumbua kwenye ya pili, nikajuta, nikayafumba tena. Kwa hiyo sina mengi ya kusimulia kuhusu mandhari, isipokuwa kwamba baridi iliingia dirishani na harufu ya majani ya migomba.

Karibu na Myamba gari likasimama. Mbele yetu barabara ilijaa watu, wanaume kwa wanawake, na wote walikuwa wanatazama upande wetu. Moyo ulinijaa. Nilijua Mzee Athumani amepiga simu kusema nakuja, ila mapokezi ya namna ile sikuyategemea. Nikashuka, nikaweka kola sawa, nikaanza kuwapa mikono mmoja mmoja huku nikiwaambia wamejisumbua mno. Walinipokea vizuri tu. Nilichoshangaa ni kwamba kila mtu alikuwa na jembe.

Mama mmoja wa makamo, mwenye mabuti ya mvua, alinipima kuanzia kola hadi viatu.

"Wewe ndiye wa Same?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ndiye Mama Naetwe. Leo ni msaragambo, mvua imekata barabara. Maneno baadaye." Akanipa jembe.

Msaragambo nilikuwa nausikia kwa marehemu mama yangu. Pembe inapulizwa jioni, na kesho yake kila nyumba inatoa mtu kwenye kazi ya wote. Nyumba isiyotoa mtu inafuatwa kuku wake kama faini. Mimi kuku sikuwa naye, nikachimba. Mzee mmoja alinitazama kwa muda, kisha akawaambia wenzake kwamba huyu mgeni anachimba kama aliyedondosha ufunguo. Walicheka mpaka barabara ikapitika.

Jioni, nyumbani kwa Mama Naetwe, nikiwa nashika kijiko kwa vidole viwili kwa sababu ya malengelenge, nilitoa hotuba yangu juu ya bakuli la makande. Alisikiliza yote.

"Hiyo barabara kuu," akasema, "kwenu inasimama au inapita?"

Nikala makande.

"Baba Neema, jua hata Moshi lipo. Nauliza hivi, upepo wa Same ukiezua bati langu, nani atatoka?"

"Mwenyekiti atapeleka taarifa."

"Sikuuliza taarifa." Akaniongezea makande. "Alhamisi nashuka na mzigo. Nikikuta mmetoka kuniandalia mahali, nateremka. Nikikuta kufuli na mwenyekiti, napitiliza Moshi."

Jumanne nikarudi Same na kutoa habari. Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba fremu tuliyokuwa tunaisifia ilikuwa stoo yetu sote. Mabeseni yangu yaliyopasuka yalikuwa mle, pamoja na mabango ya zamani ya Mzee Athumani na friji ya muuza soda, na mfereji wa uani ulikuwa umeziba. Kila mmoja alianza kueleza kwa nini aanze mwenzake.

Jumatano alfajiri, kwa kukosa pembe, nilisimama katikati ya safu nikapuliza vuvuzela la mwanangu. Wengine walidhani ni muuza aiskrimu. Muuza soda akatoka kunitukana. Akaniona nabeba mabeseni yangu mwenyewe, akaenda kwenye friji yake. Baada yake walitoka wengine.

Alhamisi basi lilipofika tulikuwa bado hatujamaliza. Mama Naetwe hakushuka. Alichungulia dirishani, akatazama ua, huku kondakta akipiga bati la basi akisema wanachelewa Moshi.

"Mwenyekiti yuko wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Mzee Athumani alikuwa ndani ya mfereji, suruali imekunjwa, kofia imejaa tope.

Mama Naetwe akamgeukia kondakta. "Teremsha mizigo."

Nilichojifunza ni kwamba jua letu halimvuti mtu. Anataka kujua akiita nani atatoka, na hilo huwezi kumwambia, mpaka akukute umeshatoka. Hotuba niliyokwenda nayo sijui niliidondosha kona ipi. Milimani sijarudi, na sina mpango huo: tangawizi inaanikwa uani nyuma ya duka langu, upepo ukigeuka napiga chafya nikiwa kwenye kiti changu, na abiria wanavuka barabara kuja kuuliza hiyo harufu ni ya nini.