Siku Stima Iliporudi Dhaka

Wakati wa lokdauni ile ndefu ya korona hapa Sydney, helikopta za polisi zikizunguka juu ya mapaa yetu, binti yangu alijifungia chumbani na mji wa Dhaka. Mwalimu wao wa jiografia aliwaambia wachague jiji la Asia walibadilishe, liwe jiji la miaka ijayo lisilochoma makaa wala dizeli. Binti yangu aliwekwa pamoja na msichana wa Merrylands ambaye nyanya yake alitoka Bangladesh, ndiyo maana wakachagua Dhaka. Yule akaandika maelezo, huyu wangu akajenga.

Na alijenga, haki! Nikirudi kutoka Seven Hills, kwa wazee ninaowahudumia, nakuta trei za mayai zimegeuka maghorofa, na foili yangu yote ya kuokea iko juu ya mapaa, ati ndiyo sola. Mtoni kuna feri za betri. Taa za Krismasi zimepita kila barabara, na waya wake umeungwa kwenye kipande cha sola alichokibandua kwenye taa ya mlangoni, hapa kwetu Doonside. Nilifoka. Nitaonaje tundu la ufunguo? Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba jiji zima lina haki kuliko mlango wa mtu mmoja. Wacha wee! Nikashindwa hata kukasirika.

Lakini roho yangu haikutulia. Mwalimu alikuwa amenipigia simu: tangu masomo yahamie kwenye kompyuta, mtoto hajafungua kamera wala kusema neno. Mtoto aliyekuwa akinichosha kwa maswali! Niliogopa sana kwamba ananipotelea humo humo ndani ya nyumba, hatua chache kutoka jikoni. Sasa alitakiwa kuwaonyesha wenzake jiji lake, kwa sauti yake mwenyewe.

Asubuhi hiyo nilisimama mlangoni kwake na kikombe cha chai, nimeonywa nisipumue. Kamera aliielekeza Dhaka, yeye kajibanza nyuma ya skrini. Mwenzake akasoma maelezo, kisha zamu yake ikafika. Sauti ikamtoka kama ya mgonjwa. Akabonyeza swichi. Wapi! Wingu lilikuwa limefunika jua la dirishani. Nikaona mkono wake ukienda kuifunga ile kompyuta.

Wingu likasogea. Taa zikawaka, Dhaka yote.

"Yeeee! Imerudi!"

Ni mimi huyo, na chai imemwagika. Sikupanga. Kwenye ploti ya vyumba vya kupanga niliyokulia Nakuru, stima ikirudi baada ya giza, kila mtu hupiga kelele, mkubwa kwa mdogo, hata waliokosana. Mwili haujasahau. Binti yangu alinigeukia kwa macho ya kuniua, nami nikatamani ardhi inimeze.

Ndipo kompyuta ikapasuka kwa kelele. Nyanya wa Merrylands alikuwa akishangilia kwa Kibengali. Kwenye kisanduku kingine cha skrini, baba Mfilipino wa mtoto mwingine akapiga makofi na mluzi. Mwalimu, aliyezaliwa hapa Sydney, akauliza, jamani, kumetokea nini?

Binti yangu akaigeuza kamera taratibu. Uso wake ukatokea pale katikati ya wenzake, nywele hazijasukwa, jasho puani.

"Huyo ni mama yangu," akasema.

Akawaeleza habari za stima na ploti, mambo niliyodhani huyaacha yapite tu nikiyasimulia. Halafu akatangaza, pale pale, kwamba mpango umebadilika: Dhaka yao haitakosa umeme kamwe, ila mara moja kwa mwaka watauzima makusudi, kidogo tu, ili watu wapate kushangilia pamoja.

Wakacheka. Wakamrushia maswali, naye akayajibu yote. Mimi nilipiga magoti nikipangusa chai kwa sweta ya kazini, machozi yananitiririka, huku mwanangu akiongea, akiongea, akiongea.