Paskali Kati ya Magonjwa Mawili

Niliondoka Dodoma baada ya wifi yangu, Mama Anjela, kunipigia simu akilia: mumewe, mdogo wangu Paskali, hali chakula, hazungumzi, na amesema anatamani asiamke tena. Mimi hufundisha hisabati chuoni, na utafiti wangu ni kupima jinsi dalili za mgonjwa zinavyofanana na za kila ugonjwa wa akili. Sasa mgonjwa alikuwa damu yangu.

Basi lilipopita Kondoa nilikuwa bado sijatia kitu mdomoni. Kila simu ya abiria ilipolia, niliishika yangu.

Bonga, kijijini kwao, nilifika jioni. Paskali alilala akiukabili ukuta. Nilipomwita alinitazama kama mgeni. Wifi alikuwa ameshaficha panga na visu.

Asubuhi tulimpeleka hospitali, Babati mjini. Daktari alikubali tujaribu hesabu yangu pamoja na vipimo vyake. Kila dalili tuliipa namba tatu: kiasi ilivyopo, kiasi isivyokuwepo, na kiasi tusichojua. Yakatoka magonjwa mawili yaliyokaribiana mno: sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na ule wa hisia kupanda na kushuka.

"Nikimpa dawa ya sonona peke yake, na kumbe ana huu wa pili, anaweza kupandwa na wazimu," daktari alisema.

Kisha akaniuliza:

"Mwalimu, ni wapi tusipojua zaidi?"

Nikamwonyesha: hatukujua kama amewahi kuchangamka kupita kiasi. Akamgeukia wifi.

Mama Anjela aliviringa pindo la khanga. "Wakati wa palizi hakulala karibu wiki nzima. Anaimba, anawagawia wapita njia mbuzi wetu. Niliogopa watu watasema karogwa, nikanyamaza."

Nilibadilisha namba. Magonjwa yakaachana, ule wa pili ukatangulia. Hata hivyo daktari alirudi kumhoji Paskali mwenyewe, taratibu, mpaka mdogo wangu akanong'ona, "Nilijisikia naweza kuusukuma Mlima Kwaraa."

Akalazwa, akaanzishiwa dawa za ugonjwa ule wa pili.

Nilirudi Dodoma alipoanza kula. Hofu haijaniisha, maana ugonjwa huu huweza kurudi. Ila nimejifunza: zamani ile sehemu ya kutojua nilikuwa naigawa harakaharaka kwa zile namba nyingine mbili ili jibu litoke. Siku hizi kwanza nauliza. Kila jioni nampigia Mama Anjela: "Amelalaje?"

Jana alinijibu, "Wifi, muulize mwenyewe," akampa simu.