Jiwe Tulilolifuta Jina

Siku ya kusimika jiwe tulikuwa hivi. Mimi, mama wa marehemu. Mwanangu wa kiume, aliyemfuata marehemu kuzaliwa, alitoka Mang'ola anakolima vitunguu. Mkwe wangu, mume wa marehemu, alitoka Piyaya pamoja na mama yake mzazi. Mtoto pekee wa marehemu, msichana wa darasa la pili, mjukuu wetu sisi wanawake wawili. Na fundi wa mawe, ambaye si ndugu wa mtu pale, ila mimi na bibi yake tulipata komunyo ya kwanza pamoja. Katekista aliahidi kuja hakufika, kwa hiyo simhesabu. Majina yao wote ninayo, na ya baba zao, lakini siyaandiki. Sababu mtaiona.

Binti yangu alifia hospitali hapa Karatu wakati wa masika, barabara ya kwenda kwao haipitiki. Wakwe wakakubali tumzike shambani kwetu. Mwaka ulipopita nikataka jiwe. Si saruji na vigae kama wanavyofanya siku hizi. Nilitaka jiwe la kusimama, linalofika kiunoni, kama la mama yangu, ambalo padri wa zamani aliliandika Kilatini: Requiescat in pace, apumzike kwa amani. Misa za utoto wangu zilikuwa za Kilatini. Hatukuelewa, tuliimba tu, na mpaka leo nikilia maneno yanayonijia ni yale.

Chini ya Kilatini nilimwambia fundi achonge jina la binti yangu, lake, la baba yake na la babu yake. Nilijua kwamba Wamasai wa kwa mkwe wangu hawamtaji aliyekufa. Mtu akifa jina lake linawekwa chini, hata mwenzake wa jina hilo hapo bomani hutafutiwa lingine. Lakini nilijiambia kuandika si kutaja. Mama mkwe wake hasomi, ataona michoro tu.

Fundi yule kazi yake hasa ni mawe ya mageti ya lodji.

"Bibi," aliniambia, "nimezoea kuandika Karibu. Leo namwandikia mtu asiyetaka wageni."

Nikampiga kwa ncha ya kanga, nikamwambia toka hapa.

Wakwe walifika asubuhi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mimi na mama mkwe wa binti yangu tunaitana pakiteng, ndivyo Wamasai wanavyoitana waliopeana ng'ombe. Alinishika mikono akakaa nayo. Kisha akamwona mwanangu na gunia lake la vitunguu.

"Wewe shemeji wa mwanangu, bado unanuka kitunguu?"

"Na wewe mama unanuka maziwa. Tukichanganywa tunakuwa mboga."

Tulicheka wote, hata mkwe wangu, ambaye tangu msiba alikuwa haongei.

Jiwe lilikuwa limelazwa juu ya magunia kando ya kaburi. Mjukuu wangu akalisogelea. Amefundishwa vizuri shuleni, na mimi ndiye niliyekuwa najivunia. Akaweka kidole kwenye herufi akasoma kwa sauti, kama wanavyosoma darasani. Kilatini kilimshinda, akakiruka. Akashuka kwenye jina la mama yake. Alitamka silabi ya kwanza, ya pili, na kabla hajamaliza bibi yake wa Piyaya alishamfikia, amemziba mdomo kwa shuka.

Mtoto alidhani amekosea kusoma. Akaanza kulia.

"Pakiteng," mwenzangu akaniambia, Kiswahili chake kikitoka polepole, "umemwandika?"

"Nimemwandika. Ni mwanangu."

"Ni wangu pia. Kila mtoto wa shule akipita hapa atamwita. Sasa atalala saa ngapi?"

Akamvuta mtoto karibu yake.

"Na huyu, nikimleta, nitamziba mdomo kila mara? Hapana. Sitaweza kumleta."

Mwanangu akapandwa na hasira. "Aayo, mama yangu, usikubali! Hapa ni kwetu. Tusipoandika, nani atajua aliyelala hapa ni nani?"

Mkwe wangu aliangalia udongo. Kwa heshima ya kwao haniangalii usoni.

Mwanangu alisema kweli. Ng'ambo ya korongo kuna makaburi yanalimwa mahindi, kwa kuwa hakuna tena anayejua ya nani. Lakini mtoto yule ndiye pekee aliyetoka katika mwili wa binti yangu, na likizo ikiisha anarudi Piyaya. Nilimtazama anavyofuta kamasi kwa shuka ya bibi yake.

"Fundi," nikasema, "lifute."

"Bibi, jiwe halifutiki kama ubao. Nitachimba, patabaki shimo."

"Libaki."

Akachimba. Jina la marehemu mume wangu na la baba yake nayo yakaenda. Yasingeweza kubaki yenyewe, watu wangedhani ni mume wangu aliyelala pale. Mwanangu akaenda kusimama kwenye migomba mpaka patasi iliponyamaza.

"Na haya ya juu ni jina la nani?" mama mkwe akauliza.

"Si la mtu. Ni kumwombea apumzike."

"Hayo yaache. Hayamwiti."

Ndipo mkwe wangu akapiga magoti, akamwonyesha fundi kwa kidole kwenye ukingo wa jiwe: mikato miwili ya karibu, nafasi, kisha mmoja mrefu ulioinama. Ndivyo wanavyokata masikio ya ng'ombe wa nyumba yao, na ndivyo walivyokuwa wale walioletwa kwetu alipoolewa. Mchungaji yeyote wa kwao akipita, atajua huyu ni wa boma gani.

"Watu wa hapa hawatajua," mwanangu akasema.

"Na Kilatini chenu wanakijua?" mama mkwe akamjibu.

Tukalisimika. Mtoto akaja, akapitisha kidole kwenye ile mikato, juu mpaka chini, safari hii midomo ameifunga kabisa. Ile midomo ndiyo iliyonitoa machozi, si jiwe.

Wanamleta kila likizo. Anakaa pale anakula mahindi ya kuchoma, hasomi kitu.

Nimeandika ninavyokumbuka, na macho yangu sasa ni hafifu. Kama ule mkato mrefu uko juu na si chini, au kama mkwe wangu alisema neno nami sikulisikia, ninyi mliokuwepo niambieni nirekebishe, ningali hai.