Redio ya Wodi ya Wazazi

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi kwa miaka thelathini na mmoja. Alifua mashuka, akapiga deki, akachemsha maji. Watu walimwita Redio, na jina hilo hakulipata kwa umbea.

Zahanati ilikuwa upande huu wa mto, kiwanda cha mbao upande wa pili, na akina baba karibu wote walishinda kiwandani. Simu haikuwepo. Mtoto akizaliwa, Shangazi alijifuta mikono kwenye aproni, akasimama barazani, akapiga ngoma. Ufundi huo aliurithi kwa babu, aliyemfundisha kwamba ngoma husema kama watu wasemavyo, kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Asiyeijua lugha yake husikia kelele tu. Kila nyumba ya wafanyakazi aliitungia mwito wake. Kwanza aliita nyumba, kisha akasema: mama mzima, mtoto mzima. Aliyezaliwa alfajiri alisubiri saa nne, misumeno inapozimwa watu wanywe chai, maana hakuna ngoma ya kushindana na mashine.

Habari za msiba hakuzipiga kamwe. Hizo alizipeleka kwa miguu, akivuka daraja bila aproni. Siku moja aliishiwa sabuni, akavuka kwenda duka la kiwandani. Walipomwona tu, misumeno ikazimwa mmoja baada ya mwingine. Wanaume wakasimama kofia mkononi, kila mmoja akiomba msiba usiwe wake. Ikambidi aseme kwa sauti, "Jamani, nimefuata sabuni." Msimamizi, ambaye mkewe alikuwa wodini tangu jana yake, alikaa juu ya gogo akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu hapo sabuni alikuwa anaagiza.

Kiwandani humo alikuwepo mnoa misumeno, mwanamume mpole asiye na mke wala mtoto, hivyo ngoma haikuwahi kumwita. Yeye alitundika msumeno wa mviringo uliochakaa, akawa anaugonga kwa nyundo kumjibu mpigaji: tumesikia. Mwanzoni jibu lilikuwa fupi. Miezi ikapita, likarefuka. Shangazi naye akaanza kutia neno mwishoni ambalo halikuhusu uzazi. Watu wa pande zote mbili za mto walishajua mambo yanakoelekea kabla wenyewe hawajaonana uso kwa uso. Jumapili moja yule bwana akavuka daraja, nywele amezichana, akamkuta barazani.

"Kumbe ndiye wewe," Shangazi akamwambia. "Unasema sana."

"Kwa nyundo tu," akajibu.

Na kweli, hata walipooana, mdomoni maneno yake yalikuwa ya kuhesabika mpaka alipofariki, mzee, kitandani kwake.

Simu ilipofika zahanati, ngoma ikawekwa stoo ya mashuka. Mumewe aliisikitikia kuliko yeye. Kila jioni walikula pamoja, lakini alimwambia kwamba mchana umekuwa mrefu, hasikii sauti yake.

Niliwahi kumwuliza Shangazi kama simu haikuwa bora. Alikubali upesi: iliita gari la wagonjwa, ikaokoa kina mama aliowajua. "Ila simu humwambia mtu mmoja, mwanangu. Ngoma walisikia wote. Hata aliyenuniana na jirani yake alijua kwa jirani kuna heri, na ilikuwa vigumu kuendelea kununa."

Alipostaafu, mkunga mkuu alimruhusu aichukue. Sasa Shangazi anaishi kwangu, na ngoma iko sebuleni. Ngozi panya walishaitoboa. Mwezi uliopita nikaipeleka kwa fundi, akaiwamba upya. Shangazi akaipakata, akaigonga kwa ncha za vidole, akainamisha sikio moja ambalo bado linasikia. Nikamwuliza anaionaje.

Akasema inatamka vizuri, ila ina lafudhi ya ugenini. Tuipe muda, itazoea.